Baada ya Mhadhara wa Mwisho

Kila mwaka, majira ya kufunguliwa vyuo yanapokaribia, hunijia vijana, na mara nyingine wazazi wao, barua ya kukubaliwa mkononi na huzuni usoni, kwa kuwa chuo kilichowakubali si kile kikubwa cha Mlimani, Dar es Salaam, walichokitamani tangu skuli, bali ni kimoja katika vyuo vidogo vya Unguja: Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho wengi wetu tumezoea kukiita SUZA, au Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichoko Tunguu, au kile cha Chukwani kilichopewa jina la marehemu Dk. Abdulrahman Al-Sumait, tabibu wa Kuwait. Huniuliza kama ni kheri waende au wangoje mwaka mwingine. Nami huwajibu waende, na waende kwa furaha. Lakini jawabu hilo peke yake halitoshi, maana chuo kidogo kina namna yake ya kukaliwa, na asiyeijua namna hiyo aweza kukaa ndani yake miaka mitatu akatoka na cheti tu, ilhali mwenziwe aliyekaa naye benchi moja ametoka na cheti pamoja na jamaa wa kufaana nao umri mzima.

Udogo wa mahali pa kusomea haujapata kuwa kipimo cha ilimu katika mwambao wetu. Sheikh Abdalla Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyehamia Unguja, alisomesha katika madrasa yake pale Ukutani, ndani ya Mji Mkongwe, na sahibu yake Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija akaja kushika ukadhi wa Zanzibar, alikuwa pamoja naye katika ilimu na suhuba mpaka mwaka 1925, ambao wote wawili walifariki dunia. Mtaa ule ni wa vichochoro, na madrasa haikuwa na uwanja wala ukumbi wa kujivunia, lakini wanafunzi waliifuata kutoka bandari na visiwa vya mbali, wakarejea makwao wakiwa masheikh wenye wanafunzi wao wenyewe. Na fungamano la mwalimu na mwanafunzi aliyemjua kwa jina, kwa ukoo na kwa tabia ndilo lililoieneza ilimu ile pwani nzima. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kijana wa leo hukililia kwa ukubwa wake, kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 kikiwa ndaki chini ya Chuo Kikuu cha London, kitivo kimoja tu cha sheria, wanafunzi 14, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mlimani kilihamia baadaye. Watu 14 hawawezi kufichana. Katika jamaa ya kadiri hiyo asiyesoma kitabu hujulikana siku hiyo hiyo, aliyeugua huulizwa kabla ya adhuhuri, na mwenye hoja hulazimika kuitetea mbele ya watu ambao baadaye atakula nao chakula cha mchana.

SUZA yenyewe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ikaanza kusomesha mwaka 2001, na ijapokuwa imeunganishwa na taasisi nyingine ikakua, imetawanyika katika kampasi kadhaa, kila moja ikiwa na watu wake ambao, wakitaka, waweza kujuana kwa sura na kwa majina. Tunguu ndiko makao makuu yaliko, nje ya mji, kwenye njia ya kwendea Jozani na Paje. Vuga iko mjini. Beit el Ras iko ufukweni upande wa kaskazini, mahali ambapo Sayyid Said bin Sultan alianza kujenga kasri asilowahi kulimaliza mpaka alipofariki mwaka 1856. Mimi ninapapenda Beit el Ras kupita pote pengine, kwa upepo wake na kwa walimu wengi wa visiwa hivi waliofundishwa ualimu pale, na msomaji anisamehe nikirejea huko katika mifano yangu.

Sasa niseme maradhi ya vyuo vyetu hivi, kwa sababu nasaha isiyotaja maradhi haiponyi. Wanafunzi wengi hawalali chuoni. Wanalala kwao, Ng'ambo, Fuoni, Bububu, Kiembesamaki, au kwa ami au shangazi aliyewapokea. Na mhadhara wa mwisho unapomalizika, saa tisa au saa kumi za alasiri, hutoka mbio kuelekea barabarani kuiwahi daladala, hata ikifika saa kumi na moja ukumbi ni mtupu, maktaba ina watu watano, na uwanja umebakia na wale wa dakhalia peke yao, ambao nao, kwa kuona hakuna watu, hujifungia vyumbani. Chuo cha namna hiyo hugeuka kituo cha kupokelea masomo. Wanafunzi wake hukaa safu moja mwaka mzima bila ya kujua kwamba huyu wa kulia babake ni mvuvi wa Nungwi na yule wa kushoto ameacha mtoto mchanga kwa mamake kila asubuhi ili aje asome.

Najua kwamba wanaokimbilia daladala wana udhuru, na si udhuru wa uongo. Nauli ni ghali kwa mwanafunzi, gari hupungua jua linapotua, na mabinti wengi wameagizwa wawe nyumbani kabla ya magharibi. Wako pia wanaouza duka la jamaa jioni, na wako wanaosomesha watoto tuisheni ili wapate ada. Kwa hivyo sisemi kila mtu akae kila siku. Nasema hivi: chagua siku mbili katika wiki, ziwe ni zile zile kila wiki, na siku hizo ukipe chuo alasiri yako. Zitangaze nyumbani mapema, kwa adabu, ukimwambia mama au babu kwamba Jumatatu na Jumatano utarudi baada ya magharibi, utakuwa na fulani na fulani, na utapanda gari pamoja na fulani anayeshuka kituo kimoja na wewe. Mzee aliyeelezwa mwanzo wa muhula huridhika, na yule anayeona mtoto kachelewa bila ya habari ndiye anayekataza. Kisha hizo saa mbili tatu usizitumie kuzurura na simu. Keti mahali pamoja panapojulikana, chini ya mti, kwenye baraza ya maktaba au kando ya uwanja, ili anayekutafuta ajue pa kukupata. Cheza mpira, au mpira wa pete, au kaa kwenye dhumna na keram. Mambo yanayozungumzwa baina ya mchezo mmoja na mwingine ndiyo yanayowafanya watu wajuane, maana hapo mtu husema shida yake pasina kukusudia kuisema.

Jambo la pili ambalo mgeni wa chuo kidogo hana budi kulikubali ni kuonekana. Katika ukumbi wa watu mia tano aliyelala hajulikani, na asiyekuja haulizwi. Katika darasa la watu thelathini kiti kitupu kinasema. Wengine hulichukia jambo hili, wakaona wanachunguzwa. Mimi naliona ni neema kubwa, endapo mtu ataitumia. Muhadhiri anayekujua kwa jina, ukimgongea mlango na swali lako umeliandika kwenye karatasi, atakupa robo saa ambayo mwanafunzi wa chuo kikubwa huingojea kwa wiki nzima. Na siku utakapomwendea kumuomba barua ya kukuombea kazi au masomo ya juu, atakuwa na la kuandika zaidi ya alama zako, kwa kuwa alikuona ukimfundisha mwenzio, alikuona ukirudisha kitabu kwa wakati, alikuona ukikiri hujui. Basi jitambulishe wiki ya kwanza. Ingia ofisini, toa salamu, sema, "Maalim, mimi ni fulani, natoka Micheweni, somo hili sijapata kulisoma skuli, naomba uniongoze pa kuanzia." Hakuna mwalimu mwenye murua atakayekupuuza kwa maneno hayo.

Lakini kuonekana kuna upande wa pili, na hapa lazima tutahadhari. Mahali padogo maneno huenda kwa kasi, na jambo lililosemwa dakhalia usiku hufika mkahawani asubuhi likiwa limeota mikono na miguu. Vijana wawili wakigombana katika chuo kikubwa huweza kuepukana mpaka mahafali. Katika chuo kidogo watakutana mlangoni kesho, na kesho kutwa, na darasa zima litagawanyika huku upande mmoja na huku upande mwingine. Kwa hiyo ugomvi wenu usiuache ulale. Dini ya walio wengi hapa inamkataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na hata asiye wa dini hiyo ataiona hekima iliyomo. Mtafute mtu mmoja mnayemheshimu nyote wawili, mzee wa darasa au dada aliyewatangulia mwaka, akae nanyi faragha, kila mmoja aseme lake mpaka mwisho bila ya kukatizwa. Na kwa hali yoyote msiupeleke ugomvi kwenye kundi la simu la darasa, kwa kuwa neno lililotamkwa kwa hasira husahauliwa, na neno lililoandikwa mbele ya watu sitini hubaki likisomwa na kusomwa tena hata waliogombana wamekwisha kupatana.

Juu ya kusoma pamoja sina maneno mengi, maana wanafunzi wenyewe wamekwisha kuvumbua kundi la majadiliano na hawahitaji kufundishwa na mimi. Nitataja kaida mbili tu nilizoziona zikifaa. Kundi lisizidi watu watano, na lisiwe la marafiki watupu. Mtieni ndani mmoja asiye na rafiki, hasa aliyetoka mbali. Na wakati wa kueleza somo ubaoni, aanze aliye dhaifu. Nimewahi kulitazama kundi moja la takwimu pale Beit el Ras, ambapo binti mmoja mkimya, mwenye kuogopa hesabu, alipewa chaki kwanza. Alikosea mstari wa tatu, wenziwe wakanyamaza makusudi, akaurudia mwenyewe, akaliona kosa, akalifuta kwa ncha ya kidole, akaendelea. Lau angeanza yule hodari, wangeitikia wote vichwa, na binti yule angalirudi kwao na jawabu alilolinakili bila ya kulifahamu. Atakayekuja bila ya kusoma asifukuzwe, lakini siku hiyo asikilize tu.

Nataka kukaa kidogo juu ya Ramadhani, kwa sababu sijaona wakati mwingine wowote ambapo chuo kidogo cha Unguja hujidhihirisha zaidi, na kwa sababu vijana wanaotoka bara, ambao pengine hawajapata kuishi mahali ambapo karibu watu wote wamefunga, huingia mwezi huo na tashwishi nyingi. Kwanza, yule asiyefunga asione taabu kuuliza ada za mahali. Atakula chumbani mwake mchana, au pale anapoelekezwa, bila ya kutembea na chakula njiani, na hakuna atakayemwandama. Pili, asijitenge jioni. Dakhalia nyingi hufuturu kwa mchango: kila mmoja hutoa alichonacho, jamvi hutandikwa ukumbini au barazani, na masinia hupangwa, muhogo wa nazi, ndizi, magimbi, tambi, kaimati, samaki wa kukaanga, uji wa pilipili manga na tende za kuanzia. Nafasi ya kijana wa Mbeya au wa Mwanza katika jamvi hilo ni ile ile ya kijana wa Makunduchi, na sijapata kuona akirudishwa.

Ila namshauri asije wakati wa kula tu. Aje saa kumi, wakati wa kupika. Mwaka mmoja nilialikwa futari na wanafunzi, nikawahi kufika, nikamkuta jikoni kijana Mkristo wa nyanda za juu kusini ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi, na pembeni yake mwenzi wa Pemba anamuelekeza. Walikuwa wamemenya muhogo, wakaupasua, wakautoa ule uzi wa katikati, wakauteleka kwa tui la pili, lile jepesi. Tui la kwanza, zito, lilikuwa limewekwa kando ndani ya bakuli. Muhogo ulipoiva yule wa Pemba akamkabidhi mwenzie mwiko na bakuli, akamwambia alimimine polepole huku akikoroga bila ya kusita, moto umepunguzwa, asije akalikata tui. Na kijana yule akamimina, macho yamemtoka kwa uangalifu kama mtu aliyekabidhiwa amana, mpaka bakuli likaisha na tui halikukatika. Adhana ilipolia, sahani yake ya kwanza alipelekewa mlinzi wa lango, kwa kuwa hawezi kuondoka mahali pake. Wala sidhani kwamba mtu yeyote alimfundisha kijana yule neno moja juu ya ujirani mwema. Aliupata kwa kushika mwiko.

Na ihsani hiyo irudishwe. Jumapili wale wa bara wanapokwenda ibada mjini, Mkunazini au kwenye kanisa la Minara Miwili, mwenye ufunguo wa chumba awe radhi kuwafungulia alfajiri, na ikifika Krismasi, ambayo wengi wao huipitisha mbali na wazazi, wenzao wa Unguja wawatembelee au wawaalike nyumbani. Zaidi ya hayo, wenyeji wa visiwa wanao wajibu ambao naona hawautimizi vya kutosha: kumchukua mgeni mwisho wa wiki. Kama kwenu ni Makunduchi, mpeleke mwenzio akaone Mwaka Kogwa mwezi wa Julai; kama kwenu ni Chwaka, mpeleke akakae siku moja kwa bibi yako. Mwanafunzi aliyelala nyumba moja ya kijiji na kuamkia chai na muhogo wa kuchoma hatajiona mgeni tena kisiwani, na mama yake aliye mbali, akiambiwa kwa simu kwamba mwanawe kakaribishwa kwa watu, atalala kwa amani.

Nije kwenye misiba. Chuoni Mlimani mtu aweza kufiwa na watu wa jengo la pili wasijue. Kwetu huku kila msiba ni wa chuo kizima, na ndipo inapobainika kama jamaa ipo au haipo. Habari mara nyingi huja usiku. Mwanafunzi wa Pemba akiletewa taarifa kwamba babake amefariki, hana la kufikiri wakati ule, na wenziwe ndio wafikiri kwa niaba yake: mmoja aulize boti au ndege ya mwanzo ya asubuhi, mmoja akusanye nauli, mmoja akae naye asimwache peke yake hata dakika moja, na wawili, wa jinsia yake, wamsindikize bandarini Malindi au uwanjani, na ikiwezekana mmoja wao avuke naye mpaka kwao. Wanaobaki wana kazi yao: kuwaambia walimu kabla ya mhadhara wa kwanza, kumuandikia masomo atakayoyakosa, na kuuliza mapema kwenye ofisi ya masomo kama kuna mtihani au jaribio litakalohitaji kuahirishwa, kwa sababu mfiwa akirudi na kukuta amepoteza alama, misiba yake itakuwa miwili.

Katika kukusanya mchango, shikeni jambo moja ambalo huenda likaonekana dogo. Daftari liwepo, na mshika fedha awe mtu mwaminifu aliyechaguliwa mwanzo wa mwaka, lakini kiwango alichotoa kila mmoja kisisomwe hadharani wala kisitumwe kwenye kundi la simu. Yuko katika darasa lenu asiyekuwa na kitu zaidi ya nauli ya kesho, naye atatoa nusu yake kwa moyo mweupe. Mkilisoma jina lake na kiwango chake, msiba ujao hatakuja. Yasomwe majina ya waliohudhuria, na jumla, basi. Na jambo jingine, ambalo nimeona likisahauliwa hata na watu wema: mfiwa huzungukwa siku tatu za mwanzo, akaachwa wiki ya tatu. Huko ndiko kuna upweke. Basi mpangeni mtu wa kumtembelea baada ya mwezi, na tena baada ya mwezi wa pili, bila ya sababu yoyote ila kumsalimu na kutembea naye mpaka kituoni.

Kuhusu fedha nitapita haraka. Mkopo wa serikali ukiingia, wenyewe wanauita bumu, watu hununua simu na nguo, na baada ya wiki nne chuo kizima kinakopana. Anayekopesha aandike, anayekopa aandike, na kiasi ambacho huwezi kukisamehe usikikopeshe kwa rafiki wa dakhalia, kwa kuwa mtalala chumba kimoja na deni lenu. Ni bora marafiki watano wakaweka kila mmoja kitu kidogo siku ya bumu katika mfuko wa pamoja wa chakula cha mwisho wa muhula, wakanunua mchele na maharage mapema, kuliko kila mmoja kuhangaika peke yake.

Wanaopanga vyumba nje ya chuo, Tunguu, Jumbi au Fuoni, nawanasihi wasidhani kwamba wamepanga kuta na bati tu. Nyumba iko ndani ya shehia, na shehia ina sheha, kiongozi wake. Siku ya kwanza au ya pili, nenda kwa sheha na kitambulisho chako cha chuo, ujulikane wewe ni nani na umekuja kufanya nini, ni taratibu ya visiwa hivi, na zaidi ya taratibu ni kinga yako, maana ukiibiwa, ukiugua au ukisingiziwa jambo, kuna mtu mzima atakayesema, "Huyu namjua." Wasalimu wazee wa barazani kila unapopita, vaa nguo za staha, na muziki upunguze wakati wa adhana. Wanakijiji wa Tunguu wamekiona chuo kikija kwenye mashamba yao na magari yakizidi barabarani. Wanayo haki ya kuona pia faida yake. Kama nyinyi ni wanafunzi wa ualimu, wasomesheni watoto wao hesabu na Kiingereza siku moja ya wiki, bure, kwenye skuli ya jirani baada ya kuomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Mtafundisha vibaya mwanzo, na hapo ndipo mtakapojifunza kazi yenu.

Wako watakaouliza juu ya serikali ya wanafunzi. Ni chombo cha kuheshimiwa, na kugombea uongozi ni mafunzo makubwa. Lakini msiungoje uongozi huo uwaletee umoja kutoka juu. Nimeona jumuiya nyingi zikizinduliwa kwa mabango, mgeni rasmi na soda, zikafa kabla ya muhula kwisha, na nimeona kijikundi cha watu sita waliokuwa wakikutana kila Alkhamisi saa kumi na nusu kusoma na kuhakiki tungo za mashairi kikidumu hata waanzilishi walipokwisha kuondoka. Siri yake ilikuwa ni siku isiyobadilika na saa isiyobadilika. Watu wawili wakija, kikao kipo. Mkitaka kualika mtu, alikeni walio karibu: Baraza la Kiswahili la Zanzibar liko mjini hapa hapa, Nyaraka za Taifa ziko Kilimani, na watu wazima wenye ilimu za bahari, za mitishamba na za tarehe wamekaa nyumbani wakingoja kuulizwa. Wapelekeeni barua kwa mkono, wafuateni kwa gari siku yenyewe, na baada ya kikao warudisheni kwao.

Kwa wahadhiri, ambao ni wenzangu, nina ombi moja tu. Tunawalaumu vijana kwa kukimbilia daladala, na sisi wenyewe tumo ndani ya magari yetu kabla yao. Mwalimu mmoja akikaa barazani alasiri moja katika wiki, hana kitabu, hana simu, anapatikana tu, wanafunzi watamzoea taratibu: wiki ya kwanza atapita mmoja na salamu, wiki ya nne watakaa watatu, na muhula wa pili atalazimika kuongeza jamvi.

Nao wazazi wafahamu kwamba binti anayechelewa Jumatano kwa ajili ya kikundi cha mashairi au mpira wa pete hapotezi ada waliyomlipia. Muulizeni alikuwa na nani, jifunzeni majina ya wenziwe, wakaribisheni nyumbani siku ya sikukuu. Mkishawajua hamtakuwa na hofu.

Neno langu la mwisho ni kwa wale wanaomaliza. Mwaka wa tatu una haraka zake, utafiti, mitihani, joho la mahafali, na mwanafunzi hujiona keshaondoka kabla hajaondoka. Kabla ya wiki ya mitihani, wakalisheni wa mwaka wa kwanza mwape mlichonacho. Madaftari yenu yaandikeni jina la somo na la muhadhiri kwa juu, yafungeni kwa uzi, myaache kwa mtu mmoja anayejulikana badala ya kuyauza kwa kilo. Jiko, ndoo, mbuzi ya nazi, jamvi na masinia ya futari vibaki dakhalia, na viandikwe. Aliyepanga nje ampeleke mpangaji mpya kwa mwenye nyumba na kwa sheha, amtambulishe uso kwa uso. Mshika fedha wa misiba ahesabu mfuko mbele ya mashahidi wawili, salio liandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, atie saini yake na ya mrithi wake, na daftari likabidhiwe likiwa na namba za simu za wote waliotangulia, ili siku taarifa itakapokuja usiku, mrithi huyo ajue nani wa kumpigia kule Chake Chake, nani Wete, na nani Mkoani.